Hidaya binti Maneno na Vita vya Kuzuia Makofi

Sogeeni, enyi watu wa Morogoro, wa mjini na wa mlimani, wenye haki na wenye vibali! Aliye jikoni na aipue sufuria. Aliye kwenye foleni ya sukari na aweke jiwe mahali pake kama ilivyo desturi, kisha aje asikilize, maana sukari yenyewe haijafika wala haitafika leo. Wengine watawasimulia vita vya mizinga na vifaru, na wafanye hivyo, ndiyo kazi yao. Sisi tunawasimulia vita vilivyopiganwa mwaka wa themanini, alasiri ya Jumamosi, kuanzia saa tisa na robo hadi saa tisa na nusu hivi, mlangoni pa ghala moja kuukuu chini ya Milima ya Uluguru, ambako mwanamke mmoja muuza ndizi alisimama mbele ya mgeni rasmi, tarumbeta mbili, ngoma nne na watu wazima arobaini na sita, akawazuia wote wasipige makofi.

Msicheke. Ni nani kati yenu aliyewahi kuzuia makofi katika miaka ile? Kisima kilipochimbwa tulipiga makofi, na kisima kilipokauka tukaipigia makofi kamati iliyoundwa kuchunguza kukauka kwake. Tulipiga makofi ya kawaida, makofi ya mpangilio, makofi ya kusindikiza na makofi ya kumwamsha mzungumzaji. Kuzuia jambo kama hilo si kazi ya mtu mwoga.

Shujaa wetu alikuwa Hidaya binti Maneno, Mbeba Mikungu, Mshuka Mlima Kabla ya Jogoo, ambaye shingo yake ilikuwa imebeba ndizi nyingi kuliko lori la ushirika, kwa kuwa lori la ushirika lilikuwa gereji. Naye alikuwa na mtoto mmoja, Yunusi, mwenye miaka saba, mzuri wa sura hata watu wakasimama njiani kumsifia, mpaka walipomsalimu.

Yunusi hakuitikia salamu. Hakusema neno, hakutazama mtu machoni, na alipopewa kifuniko cha sufuria alikizungusha sakafuni toka asubuhi hadi adhuhuri kwa ustadi ambao fundi cherehani hana. Kelele zilimchoma. Na alikuwa na sheria yake moja, ngumu kuliko sheria zote za Jamhuri: mahali palipomtisha mara moja, hakurudi tena maishani. Kinyozi wa karibu na stesheni aliwahi kufungulia redio ghafla, na kuanzia siku hiyo Yunusi hakukanyaga mtaa ule. Akibebwa alijitupa chini, akijitupa aligonga kichwa, na mama yake akaishia kumnyoa akiwa amelala. Kwa namna hiyo walikwisha kupoteza mitaa mitatu, zahanati moja, baraza la msikiti na nyumba ya shangazi. Dunia ya mtoto ilikuwa inapungua, na Hidaya alikuwa akiihesabu inavyopungua.

Maelezo, alhamdulillahi, hayakukosekana. Wajomba kule mlimani walisema kuna tambiko lililorukwa. Majirani wa mjini walisema ni jini, tena la kike. Mganga wa zahanati alisema atakua, akaita anayefuata. Baba yake Yunusi hakusema kitu. Alikwenda Mikese kununua mkaa, na hadi tunapoandika habari hizi bado anachagua gunia.

Basi siku moja, kwenye bomba la mtaa, Yunusi alisimama upande mmoja wa maji yanayotiririka akiyatazama, na upande wa pili akasimama mtoto wa kike akiyatazama vilevile, na foleni nzima ya ndoo ikaanza kutukana. Mama wa mtoto wa kike alikuwa Mwalimu Martina, mtu wa Songea, aliyeletwa na serikali kufundisha upande wa Kilakala. Binti yake, Christina, alisema neno moja tu kwa siku, nalo lilikuwa "ndoo". Mama hao wawili walitazamana juu ya vichwa vya watoto wao. Hakuna aliyeuliza mwenzake mtoto ana nini, na kwa sababu hiyo walipendana papo hapo.

Ndivyo ilivyozaliwa klabu. Ilipofika mwaka wa pili zilikuwa familia tisa, Waislamu na Wakristo, wa mlimani na wa nyumba za serikali. Walikutana kila Jumamosi alasiri katika ghala ambalo zamani liliwekwa pamba ya ushirika na sasa liliwekwa popo. Walitandika mchanga pembeni, wakaning'iniza tairi kwa kamba, wakaleta makopo, mabeseni ya maji na vifuniko. Watoto walicheza, kila mmoja mchezo wake na mgongo wake kwa wengine, wakiwa na furaha isiyo na kelele. Mama zao walikaa kwenye mkeka, wakanywa chai kavu, na hapo mwanamke aliweza kusema "jana ameniuma tena" pasipo kutajiwa mganga. Siku sita za wiki Hidaya aliuza ndizi huku mwanawe amefungwa kwa kanga kiunoni pake, asije akakimbilia relini. Jumamosi alifungua fundo. Kwa saa mbili alikuwa na mikono yake mwenyewe, akawa hajui hata aiweke wapi.

Hata habari zikamfikia Mzee Salehe, Mwenyekiti wa Tawi, Mlinzi wa Funguo, Baba wa Mihuri Mitatu, mtu mwema kabisa ambaye hakuwahi kumdhuru yeyote nje ya utaratibu. Akaja ghalani, akasimama katikati, akawatazama watoto, akatazama tairi, kisha akanena:

"Ndugu zangu, nimefurahi. Nimefurahi sana. Lakini kundi hili lilifunguliwa na nani?"

Akajibiwa kwamba halikufunguliwa na mtu. Watu walikuja tu.

"Walikuja tu!" akasema Mzee Salehe, akashika kifua. "Kundi halijafunguliwa, na linafanya kazi! Sasa litafungwaje, ikibidi? Tafuteni mgeni rasmi, ndugu zangu, lifunguliwe kihalali. La sivyo, kuanzia Jumatatu, si hii bali ile ya pili, ghala hili tunaweka viti vya tawi."

Viti vya tawi vilikuwa kumi na viwili, na vinane kati yake vilikuwa na miguu yote.

Mwalimu Martina, Mwenye Kalamu Mbili, katibu wa klabu, akaandika barua ya kumwalika mgeni rasmi kutoka wilayani. Na hapa ndipo lilipotendeka kosa ambalo watu wa nchi nyingine wasingeliweza hata wangejaribu. Barua za namna hiyo zilikuwa na mfano wake pale ofisini, umebandikwa ukutani kwa gundi, na kila aliyeandika aliunakili mfano ule tangu salamu hadi nukta ya mwisho, kwa maana aliyepunguza neno alirudishiwa barua akaambiwa haijakamilika. Martina akabadilisha jina na tarehe. Mengine akayanakili yote. Na mengine hayo yalikuwa pamoja na haya: *Tunaomba ufike ukiambatana na vikundi vya hamasa, ngoma na tarumbeta, ili kunogesha.*

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. Mwalimu alilisoma, akaacha darasa likiimba jedwali la saba, akashuka mbio mpaka sokoni.

"Mama Yunusi," akasema akihema, "nimetuua."

"Umetuua vipi, Mwalimu? Kaa kwanza."

"Sikai. Mgeni amekubali. Anakuja kesho saa tisa na ngoma nne. Na tarumbeta. Nimemwomba mwenyewe, kwa mwandiko wangu, na nikamwambia anogeshe!"

Hidaya aliweka chini chane ya ndizi. Yunusi, aliyefungwa kiunoni pake, alikuwa akizungusha kifuniko chake kwenye vumbi. Mama yake akaiona Jumamosi ya kesho yote: mgeni anavuta pumzi, anapaza sauti "Uhuru!", watu arobaini wanarudisha "Na kazi!", tarumbeta inalia, bati la ghala linatetemeka, na Yunusi anatoka mlangoni na harudi tena. Basi lingebaki soko, chumba chao na kanga. Alitaka kulia, lakini wateja walikuwepo.

"Tufute shughuli," akasema Martina.

"Tukifuta, Jumatatu vinaingia viti."

"Tusifute basi."

"Tusipofuta, mwanangu anatoka. Na wako pia."

Hapo Hidaya, Mshuka Mlima, akajifunga kibwebwe juu ya kanga iliyomfunga mwanawe, akamwachia Mwalimu ndizi, akapanda ofisi ya tawi kumkabili Mlinzi wa Funguo katika ngome yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Yunusi. Ndizi zimeiva?"

"Zimeiva, mzee. Nimekuja kukuomba jambo dogo. Kesho watu wasipaze sauti. Wasipige makofi. Hawa watoto wetu, mzee, kelele zinawaumiza kama maji ya moto."

Mzee Salehe alivua miwani. Alikuwa amesikia maombi mengi katika kiti kile: maombi ya saruji, ya talaka, ya kuwapangia wengine talaka. Hili lilikuwa jipya.

"Mama Yunusi," akanena kwa huzuni ya kweli, "unaniomba nimkaribishe mgeni rasmi kimya kimya, kana kwamba ni msiba? Mtu asiyepiga makofi mbele ya mgeni rasmi anampinga mgeni rasmi. Na anayempinga mgeni rasmi anampinga aliyemtuma. Na aliyemtuma naye katumwa! Tutaishia wapi?"

"Kwa hiyo, mzee, katika shughuli nzima hakuna hata mahali pamoja pa kukaa kimya?"

"Pako pamoja tu. Dakika ya kuwakumbuka mashujaa. Hapo hakohoi mtu. Hapo hata mimi pumu yangu naizuia."

"Na nani anaiomba dakika hiyo?"

"Mwenyekiti wa kundi linalofunguliwa. Yaani wewe."

"Ahsante, mzee," akasema Hidaya. Akaondoka, na njia nzima hadi sokoni alionekana akihesabu vidole.

Ikafika Jumamosi, siku iliyoandikwa. Saa tisa na robo jeshi lilionekana likitoka barabara kuu, vumbi limetangulia. Mbele alikuwa Ndugu Eustace, mgeni rasmi, Mkata Tepe wa Wilaya, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikawa inatembea yenyewe, na kwapani mwake hotuba ya kurasa kumi na moja. Nyuma yake tarumbeta mbili ziking'aa. Nyuma ya tarumbeta, ngoma nne. Nyuma ya ngoma, wananchi waliosikia ngoma. Ndani ya ghala, Yunusi aliacha kuzungusha kifuniko. Akainua mikono, akaziba masikio, akaanza kutazama mlango kwa jicho ambalo mama yake alilijua vizuri mno.

Hidaya akatoka nje. Akasimama katikati ya mlango, miguu imepanuka, mkono wa kuume umeinuliwa. Miguuni alikuwa na ndara moja nyekundu na moja ya bluu. Hakuwa na silaha nyingine.

Ndugu Eustace akasimama. Akavuta pumzi, nayo ilikuwa pumzi ya wilaya nzima. Vifungo vya suti vikalalamika, kinywa kikafunguka kwa herufi ya kwanza ya Uhuru.

"Ndugu mgeni rasmi!" akasema Hidaya. "Kabla ya yote! Kwa heshima na taadhima, mimi mwenyekiti wa klabu hii naomba tusimame kimya dakika moja, kuwakumbuka askari wetu walioanguka vitani Kagera."

Pumzi ya wilaya ikatoka polepole kupitia puani. Kofia zikavuliwa. Vijiti vya ngoma vikashushwa. Vita vile vilikuwa na mwaka mmoja tu tangu viishe, na hakuna mtaa usiokuwa na mtu wake. Kukawa kimya hata ikasikika mbuzi akitafuna karatasi, na inasemekana alikuwa akiitafuna nakala ya barua ya mwaliko.

Dakika ikaisha. Ndugu Eustace akavuta pumzi tena.

"Na dakika moja," akasema Hidaya, "kwa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, ambao wenzao ni majirani zetu pale Mazimbu."

Nani angekataa? Watu walitazamana kwa pembe za macho, kila mmoja akingoja aone ni nani atakayekuwa wa kwanza kuchoka na ukombozi wa Afrika, apate kumkumbuka kwa jina. Hakuchoka mtu. Wakasimama kama nguzo za simu. Hidaya, huku kichwa kimeinama kwa majonzi, akarudi nyuma hatua mbili, na jeshi lote, kwa kuwa lilikuwa likimfuata mwenyekiti, likaingia ghalani kwa ncha za vidole.

"Na dakika moja kwa mababu zetu wa Majimaji."

Mwalimu Martina, ambaye babu yake alinyongwa katika vita hivyo, alifunga macho kweli kweli. Mpiga tarumbeta wa kushoto alibanwa na kikohozi, akakizika ndani ya kofia yake. Christina alipita katikati ya wakuu, akachungulia ndani ya tarumbeta ya kulia, akasema neno lake la siku, "ndoo", na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Jasho lilikuwa likimtiririka mgeni rasmi. Akainama sikioni mwa Hidaya.

"Ndugu mwenyekiti," akanong'ona, "zimebaki dakika ngapi?"

"Inategemea, ndugu mgeni rasmi," Hidaya akanong'ona, "wewe unawakumbuka mashujaa wangapi."

Mkata Tepe wa Wilaya akanywea. Hidaya akamtia mkasi mkononi, akamwonyesha utepe, ambao ulikuwa pindo la kanga lililokatwa asubuhi. Na katika dakika ya Majimaji, pasipo hotuba, pasipo tarumbeta, utepe ukakatwa. Ulitoa sauti ndogo, kch, ukaanguka.

Hapo ndipo hatari kuu ilipoinuka. Kwa maana watu wale, tangu uhuru, hawakuwa wameona utepe ukikatwa bila kupiga makofi, na mikono yao haikuwa ikiomba ruhusa kwa vichwa vyao. Dakika ilikuwa imeisha. Mikono tisini na miwili ikapanda. Viganja vya Mzee Salehe vilikuwa vimebakiza nafasi ya yai. Hidaya akatafuta shujaa mwingine kichwani mwake, na hakumpata. Mashujaa wote wa taifa aliokuwa amewahesabu kwa vidole walikuwa wamekwisha. Pembeni, Yunusi alikuwa amekwisha simama, uso kauelekeza mlangoni.

Naye Hidaya akatazama mlango huohuo, akamwona Bi Pili.

Bi Pili alikuja kila Jumamosi kushika mlango wa klabu, asitoke mtoto, naye hakuwa na mtoto ndani. Alikuwa naye, zamani kidogo. Mtaa wote ulijua, na mtaa wote ulikuwa umekubaliana kutolizungumza.

"Na dakika moja," akasema Hidaya, "kwa Mohamedi wa Bi Pili. Alikuwa na miaka minane. Siku ya sherehe ngoma zilimtisha, akakimbia, akaingia mtoni, na sisi tulikuwa tunapiga makofi, hatukumsikia."

Mikono ilibaki hewani. Kisha ikashuka, mmoja mmoja, pasipo kugusana. Mzee Salehe alitazama viganja vyake kana kwamba amekabidhiwa vya mtu mwingine. Alikuwepo siku ile. Ndiye aliyeongoza makofi. Mpiga ngoma mzee alikaa chini sakafuni, akaipakata ngoma yake. Bi Pili hakulia. Aliegemea fremu ya mlango, akashusha pumzi ambayo tunadhani aliishika miaka mitatu. Na dakika ile hakuna aliyeihesabu. Ilikwenda kadiri ilivyotaka.

Mwisho Ndugu Eustace akaikunja hotuba yake mara nne, akaitia mfukoni. "Imefunguliwa," akasema, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa. Akatoka. Wakatoka wote nyuma yake, ngoma zimebebwa kwapani mpaka barabara kuu, na ni baada ya kona ya pili tu ndipo tarumbeta moja ilipolia, kwa mbali.

Msidhani wakubwa hawana shukrani. Katika kumbukumbu za tawi Mzee Salehe aliandika: *Shughuli ilifana kwa utulivu wa hali ya juu. Makofi hayakupigwa, kwa kibali.* Taarifa ya wilaya ilimtaja Ndugu Eustace kuwa mwanzilishi wa ufunguzi wa kimya, na mwezi uliofuata akafungua josho la ng'ombe kwa dakika tano za ukimya, ng'ombe wakapiga kelele peke yao. Hidaya binti Maneno hakutajwa. Jumatatu yake alikuwa sokoni.

Lakini historia ya kweli haikuandikwa ofisini. Watu walipokwisha toka ghalani siku ile, Hidaya alibaki amesimama akimtazama mwanawe. Yunusi alitazama mlango. Aliutazama muda mrefu. Mlango ulikuwa wazi, maana Bi Pili alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya mama wenzake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akiushika. Mtoto akashusha mikono kutoka masikioni, upande mmoja, kisha wa pili.

Basi na itangazwe Kilakala na Mikese, na juu mlimani hadi kwa wajomba, na kila mwenye muhuri aigongee muhuri: kwamba mwaka wa themanini, siku ya Jumamosi, saa tisa na dakika thelathini na tano, mbele ya mlango ulio wazi, pasipo mtu kumshika mkono, Yunusi wa Hidaya alikaa chini akazungusha kifuniko chake, na hakutoka.